Usukani Uliotulia

Shoga, niko gereji. Nimekaa juu ya tairi.

Unalijua gari la mjukuu wangu, aliloliinua mpaka napanda kwa kigoda. Usukani ulikuwa unatetemeka. Akataka likaguliwe, nikamwambia, "Usihangaike, funga shokomzoba ya usukani, ile ya kuzuia mtetemo, kama alivyofunga jirani." Ukatulia tuli. Nikajisifu!

Leo fundi kaifungua. Kashika kiungo cha usukani kwa vidole viwili, kikachomoka. Vidole viwili, shoga!

"Bibi, shokomzoba ilificha mtetemo tu. Ugonjwa ulikuwa huku."

Na asubuhi tumeshuka nalo mlimani, kitukuu kanilalia mapajani.

Mjukuu hanilaumu. Anasema tu, "Bibi, inuka twende." Siinuki.

Kitendawili: nimemziba mgonjwa mdomo, nikasema kapona.

Usihangaike kutegua. Ni mimi.