Lami Haikungoja Swala

Ijumaa, baada ya magharibi

Kosa ni langu. Lori lilimwaga lami ya moto kwenye barabara mpya pale Nguvumali adhana ikikaribia. Mzee Bakari, dereva wa rola, akaniuliza mimi msimamizi, "Mwanangu, tushindilie kwanza au tukaswali?"

"Tukaswali, mzee. Itatungoja."

Tuliporudi ilikuwa imeshapoa. Akaipitia kwa rola mara nyingi kuliko kawaida, ikalala laini, wakubwa waliokuja kukagua wakasifu. Nikasaini kwamba imeshindiliwa vizuri.

Walipoondoka nikaimwagia kikombe cha maji. Lami iliyoshindiliwa ingali moto huyaacha yatiririke. Hii iliyanywa yote.

Mzee Bakari alikuwa nyuma yangu. "Mwanangu, usiposema wewe, mvua itasema."

Nikaja nyumbani bila kuwaambia wakubwa. Na sasa nasikia matone ya kwanza juu ya bati.