Pikapu ya Shomari Haivuti

Jumamosi, 3 Mei

Natangaza rasmi, kwa walio nyumbani na walio safarini, kwamba kandambili yangu ya kushoto imekatika ukanda leo saa mbili asubuhi, ikiwa kazini. Haikuugua. Ilizama kwenye tope la kilima cha kutokea kijijini kwetu Mtunda, nikiwa nasukuma pikapu ya kaka yangu Shomari, na haikutoka nzima. Mazishi yamefanyika papo hapo.

Ni mara ya tatu wiki hii kusukuma. Pikapu inawaka vizuri. Uani inanguruma kama ina mashamba yake. Kwenye tambarare inajikongoja. Ikifika kilimani inaishiwa: gia ya pili, gia ya kwanza, kisha inasimama kama imesahau kitu nyumbani. Nyuma inatoa moshi mweusi, na nyuma ndiko niliko mimi. Nimerudi napiga chafya nyeusi. Kinyaa kitupu.

Alhamisi Mama ana zamu hospitali, Kibiti. Madaktari wa macho wanakuja kwa siku chache na jina lake limo. Jicho la kulia lilikwisha zamani. La kushoto lina mtoto wa jicho, linajua mchana na usiku, basi. Wakiondoka hawa, haijulikani watarudi lini. Bodaboda hapandi, nyonga haimruhusu. Gari la kukodi Shomari hataki hata kulisikia.

"Mama yangu apakiwe gari la mtu na langu lipo uani? Watu wa Mtunda watanionaje?"

Watu wa Mtunda walishamwona siku nyingi.

Jumapili, 4 Mei

Niandike wazi. Leo mjinga ni mimi.

Nilisema ni maji kwenye dizeli. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu. Miaka kumi na moja cherehani yangu ilikaa Kibiti mkabala na gereji. Nimewasikiliza mafundi kuliko nilivyosikiliza redio, nikajiona nimehitimu. Na dizeli yenyewe ya kwenye madumu, imechujwa kwa kipande cha kanga. Nani asingeshuku?

Shomari akamwaga tangi zima kwenye ndoo. Dizeli safi, ungeweza kukaangia samaki. Siku nzima imepotea kwa ajili ya mdomo wangu. Shomari hakunicheka. Alifanya vibaya zaidi. Alinisamehe.

Jumatatu, 5 Mei

Amekuja fundi kutoka Mahege. Fundi Mbonde. Mrefu, mpole, mweusi wa grisi mpaka kwenye viwiko, ana hakika na kila jambo. Hakuuliza gari linaumwa nini. Aliuliza tunapika nini.

Anafyonza dizeli kwa mpira, anaitema kizingitini, halafu anaomba maji kwa kikombe changu. Ameionja, ametafakari, ametoa hukumu: nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Nozeli zikafunguliwa. Jioni naingia jikoni nazikuta zimelala ndani ya sufuria yangu ya wali, zinaogeshwa kwa mafuta ya taa.

Sufuria ya wali.

"Da Hawa, si itasuuzika tu!"

"Na wewe utasuuzwa na nini?"

Akacheka sana. Alidhani natania.

Sufuria nimeitupa. Hasira ninayo bado.

Jumanne, 6 Mei

Nozeli zimerudi mahali pake. Tumekwenda kujaribu kilima. Tumesukuma.

Sasa fundi anasema ni pampu. Ifunguliwe, ipelekwe Dar. Ikirudi haraka, wiki ijayo. Alhamisi ni keshokutwa, lakini fundi hahesabu siku, anahesabu milo.

Boneti likiwa wazi kila mwanamume anayepita anaona ni wajibu wake kuingiza kichwa. Leo nimehesabu sita. Mmoja kasema klachi, ambayo haiko hata upande ule. Mwingine kasema husda. Pikapu yenye mlango mmoja wa bluu na mmoja wa kijani, nani kaihusudu?

Nikauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi: filta ya hewa je, imetazamwa?

"Mpya ile, da. Kaifunga kaka mwenyewe."

"Mpya kabisa," Shomari akadakia. "Ya dukani. Haina wiki mbili."

Likitajwa neno mpya hapa kwetu, watu wanarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Hakuna aliyefungua. Nami nikanyamaza, kwa sababu ya yale maji ya Jumapili. Najichukia kwa hilo.

Mama alikuwa kibarazani anasikiliza. Jioni ameniambia, wala si kwa kulalamika: "Mniache tu, mwanangu. Nimeshazoea kupapasa."

Sikulala vizuri.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri, fundi hajaigusa pampu. Kuni zimelowa. Nimewasha jiko la mafuta ya taa nichemshe chai, likaanza kutoa masizi kama lina ugomvi nami. Nimeinama: kitambaa cha kushikia sufuria kimeanguka, kimeziba matundu ya chini. Nimekivuta. Moto ukatulia, ukawa wa bluu.

Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi.

Masizi ni mafuta yaliyokosa hewa. Pikapu inatoa moshi mweusi. Mafuta inayo, tena safi, tulishayamwaga tukayaona. Filta ina wiki mbili. Tumesukuma wiki mbili. Kuhesabu mpaka kumi na nne najua bila kufundishwa na mtu wa Mahege.

Nikangoja adhuhuri. Shomari na fundi wakaenda kuswali. Nikafungua lile kopo la filta, vibanio vitatu, hata spana halitaki. Filta imo. Mpya kweli. Imo ndani ya nailoni yake ya dukani, imekaza, inang'aa, na karatasi ya bei juu. Imetobolewa vitundu vya sindano, vichache, kwa ustadi. Hii haikusahauliwa. Hii ilitunzwa.

Gari la watu linavuta pumzi kwa matundu ya sindano.

Sikupiga kelele. Nimeichana ile nailoni, nikarudisha filta, nikafunga, nikanawa. Walipotoka msikitini nikamwambia Shomari nimesoma dua kidogo pale kwenye boneti, hebu ajaribu.

Kilima kimepandwa kwa gia ya tatu. Kwa tope lile lile. Moshi hamna. Wale wanaume sita wamepiga makofi. Fundi Mbonde ameeleza kwamba nozeli zikisafishwa huwa zinahitaji siku moja kuzoea. Wakamsifu. Akala sahani mbili, akapewa na ya kuondokea. Nilimtazama anavyolamba vidole, vile vidole, nikaenda nje.

Baada ya chakula nikamtandikia Shomari nailoni yake mkekani. Aliitazama muda mrefu.

"Niliihifadhi," akasema. "Masika yakiisha kuna vumbi. Nilitaka idumu."

"Ili ije kutumika lini?"

Akaanza kuikunja ile nailoni. Nikatazama chumba chetu. Makochi yana nailoni, ukikaa yanakushika mapaja. Rimoti ina nailoni. Friji ina nailoni mlangoni, imegeuka manjano, ina alama za vidole vya watu waliokwisha kufa. Ukoo mzima haujawahi kugusa mali yake. Nikaenda kuiangalia cherehani yangu, nijipambanue na hawa watu. Kishikio cha gurudumu kina nailoni. Niliiacha mwenyewe, siku niliyoinunua.

Nimechukizwa na wote, na mimi nimo.

Alhamisi, 8 Mei

Tumeondoka saa kumi na mbili unusu. Mama katikati, kanishika kifundo cha mkono. Kilima tukakipanda. Shomari hata honi hakupiga, na yeye kwa kawaida humpigia honi hata mbuzi aliyelala.

Hospitalini watu wengi, wazee kwa wajukuu. Jina limeitwa saa tano. Amepimwa presha, amepimwa sukari, kaingia kupasuliwa. Shomari akaenda kuifuta pikapu kwa kitambaa, milango yote miwili, kisha akaanza upya. Mimi nilikaa. Niliogopa. Niliwaza kama tungekuwa tumefunga safari ya Dar na pampu, leo tungekuwa wapi.

Ametoka saa nane, jicho limefungwa. Amelazwa mpaka kesho. Ameomba uji.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi wamefungua bendeji.

Mama alitazama dirisha, alitazama mikono yake, juu na chini. Kisha akanitazama mimi, sana.

"Umekonda, Hawa."

Akamgeukia Shomari. "Na wewe ndiye uliyekula chakula chake."

Shomari akatoka nje. Alikaa huko kitambo. Aliporudi macho mekundu, akasema jua kali. Kulikuwa na mawingu.

Tumepewa dawa ya matone, mara nne kwa siku, asiiname, asibebe kitu kizito. Nesi akauliza mbona sisi wa Mtunda hatukuja na wenzetu. Wenzetu gani? Akatuonyesha uwanjani. Gari jeupe la hospitali, na ndani wazee wanne wa kijijini kwetu, kila mmoja na bendeji yake, wanamwita Mama kwa jina. Limekuwa likija Mtunda kila asubuhi tangu Jumatatu kuchukua wagonjwa wa macho. Bure. Linawarudisha mpaka mlangoni.

Mama amerudi nalo. Amesema anataka kupiga soga.

Sisi tumefuata nyuma na pikapu. Inavuta vizuri.

Nimepita kwa mwenyekiti wa kijiji kumuuliza. Amesema majina ya kuchukuliwa aliyaandika yeye. La Mama hakuliandika, kwa sababu tuna gari.