Kumi na Nane Iliyo Kwenye Bango la Salama

Kwembago,
Lushoto.
3 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Kassimu,

Assalaamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la machimbo kimetulia. Usiache kunywa maziwa, hata wenzako wakikucheka.

Sisi huku hatujambo. Juni imeingia na baridi yake, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na mama amehamia jikoni moja kwa moja. Goti linamsumbua asubuhi tu, mchana anasahau kama ana goti. Karoti zimetoka vizuri, ila mvua zimeharibu barabara ya kuteremkia Mombo na wachuuzi wanachelewa kupanda.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukipandisha sauti na mimi napandisha, halafu mtandao unatukatia katikati. Barua utaisoma hadi mwisho, maana tangu utotoni hujawahi kuacha kitu cha kusoma nusu.

Agizo lako nimelipata kupitia kwa binamu yetu Faraji: kwamba shule zikifunguliwa Salama asirudi darasani, apandishwe basi aje kwako, kwa sababu amecheza picha ya kumi na nane na amekutia aibu. Nimejua pia kwamba ni Faraji huyohuyo aliyelipiga picha bango la pale stendi ya Lushoto akakutumia. Faraji hajaiona hiyo filamu. Ameona namba.

Basi nikueleze namba hiyo ni nini, maana hata hapa mtaani wengi wanadhani ikiandikwa kumi na nane lazima kuna watu uchi. Binti yako amevaa sketi ya shule na sweta langu la kijani mwanzo mpaka mwisho. Lingekuwa jambo la uchi, mimi shangazi yake ningekuwa wa kwanza kumng'oa hapo.

Unamkumbuka Kornelio, mtoto wa mwalimu Raheli. Ndiye aliyeitengeneza. Kabla filamu haijaonyeshwa kwa watu lazima ikaguliwe na kupewa daraja la umri, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesaini ruhusa ya mtoto, Kornelio aliniomba tuongozane hadi Tanga siku ya ukaguzi. Nilikaa nyuma na kitambaa changu cha kufuma, nikawasikiliza wakaguzi.

Nilidhani watatafuta damu. Wapi! Waliulizana mambo mengine kabisa: mtoto akitoka hapa ataiga nini, matusi yanatamkwa na nani, kitisho kinamkaa mtazamaji kwa muda gani, mkosaji anaishia wapi. Mzee mmoja alitaja zile picha za mapanga ambazo watu wanakufa kama kuku na bado vijana wadogo wanaruhusiwa. Akasema hakuna mtoto wa Tanga mwenye upanga wa kurukia nao juu ya paa.

Kwenye picha ya Kornelio lakini, binti anatia dawa ya kuulia wadudu wa nyanya kwenye chai ya baba yake, kisha roho inamsuta anaimwaga. Kornelio akajitetea kwamba hakuna aliyekufa. Yule mzee akamjibu, "Kijana, hiyo chupa iko chini ya kitanda cha kila mkulima huko kwenu. Mtoto hahitaji hata kwenda dukani." Nikaona ana haki. Niliporudi niliitoa ya kwangu nikaifungia stoo.

Hata hivyo wengine walitaka vijana waruhusiwe kuiona wakiwa na mzazi. Kilichomaliza ubishi ni kipande kingine.

Baba anasikika anakuja, amekasirika. Salama anainuka, anaondoa kisu mezani, anaondoa mchi, anaepua birika la maji ya moto na kwenda kulificha nje nyuma ya nyumba. Kisha anamwingiza mdogo wake uvunguni na kumtia pindo la kanga mdomoni asilie. Anayafanya yote hayo bila haraka, kama mtu anayepanga vyombo. Hakuna anayeonekana akipigwa. Vinasikika vishindo tu, na kamera inabaki usoni kwa mwanao.

Mama mmoja wa ustawi wa jamii aliomba isimamishwe. Akamuuliza Kornelio, "Haya ya kisu na birika, umemfundisha wewe?"

"Hapana, mama. Mimi niliandika tu kwamba mtoto anajificha. Mengine kayafanya mwenyewe, nikaogopa kumkatiza."

Mama yule akanigeukia mimi. Uzi ukanidondoka, nikainama kuuokota.

Wakaandika kumi na nane. Maana yake ni kwamba aliye chini ya umri huo asiyaone haya, yatamuumiza. Salama ana kumi na nne, kwa hiyo filamu yake mwenyewe hajaiona, na mlangoni hataruhusiwa. Lakini Kassimu, alipoyaona mara ya kwanza alikuwa na miaka sita, nyumbani kwako, na hakukuwa na mtu wa kumzuia mlangoni.

Sikuandikii kukutukana. Nakupenda, nimekubeba mgongoni. Ila Salama hapandi basi. Shule zikifunguliwa atarudi darasani, na ataendelea kuishi kwangu. Filamu itaonyeshwa hapa Lushoto baada ya Idi. Wewe una miaka arobaini na moja, unaruhusiwa kuingia. Njoo uitazame, nami nitakaa pembeni yako mpaka iishe.

Mama anakusalimu sana, na Faraji pia, ingawa nimemnunia. Amina, mama wa wanao, bado yuko kwa wazazi wake Mlalo, hajambo, na Ramadhani wenu sasa yuko darasa la nne.

Salama anakuamkia shikamoo. Nilimuuliza kama nikuandikie na neno lake jingine. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Shangazi, baba bado amekasirika?"

Mwenyezi Mungu akulinde huko chini ya ardhi, na akulainishe moyo.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Zuhura