Kinanda Kinaponyamaza

Jumapili, 9 Agosti. Mwaka wa nne tangu nitoke Kigoma.

Mgongo bado unauma kwa makasha ya ghalani, lakini leo silalamiki.

Asubuhi niliogopa. Mama Neema, kiongozi wa kwaya yetu hapa Liverpool, alishanionya: "Ukisimama tena katikati ya wimbo, baba, kazi ya kinanda naipa mashine." Yeye anataka mdundo mmoja mpaka mwisho. Mimi nimefundishwa na jirani yangu, bibi Mjerumani, upigaji wa kwao wa karne ya kumi na nane. Kinanda kinasema kama mtu aliyejaa moyoni: kinashusha pumzi, kinakasirika ghafla, kinanyamaza, kisha kinatabasamu.

Wakati wa sadaka nikapiga hivyo hivyo. Liwalo na liwe.

Niliponyamaza mara ya kwanza, kanisa zima likaitikia "Amina!" wakidhani nimemaliza. Mara ya pili aliitikia Mama Neema peke yake. Mara ya tatu hakuna aliyefungua mdomo. Nilisikia kiti kikilia nyuma kabisa.

Nje Mama Neema akanishika mkono. "Wewe! Umeniacha napayuka Amina peke yangu, wanangu wananicheka!" Nikajua nimefukuzwa. Akafuta macho. "Krismasi utupigie vile vile. Umesikia?"

Nimesikia, na nimekubali kabla sijafikiri. Mama yangu nilimwahidi Krismasi nyumbani Kigoma. Atanuna, najua, na kesho lazima nimpigie simu...

Basi ni Januari. Wiki ya pili nitakuwa Kigoma.