Tabaka la Juu la Keki

Portland, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Nimefunga ndoa, na bado natabasamu peke yangu! Corinne wangu anaimba hata akiunguza mkate. Harusini, kiti chako tu ndicho kilichobaki wazi.

Hamu ya kukuona ilinipeleka kwa mshauri wa nafsi, Bi Lorraine. Siku ya kwanza akauliza habari za mume wangu.

"Sina mume, nina mke," nikasema.

"Nimekosea, nisamehe. Umejisikiaje niliposema hivyo?"

Nikalia, naye akasogeza kiti chake karibu nami. Hataki nijibadilishe, wala nikusahau.

Tabaka la juu la keki ya harusi liko kwenye friza mpaka ndoa itimize mwaka, kama mlivyofanya wewe na Baba. Corinne anatania, "Mama mkwe akichelewa, namaliza mwenyewe!"

Njoo, Mama. Hata ukikosea neno mlangoni, nitakufungulia.

Bintiyo anayekungoja,
Maren