Nilisema Pazia ni la Uturuki

Mama Winifrida, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na furaha na hofu pamoja, basi wacha nianze na furaha. Nina wiki saba tangu nifunge ndoa na mume wangu, nitamwita Wilbert, na kama kuna mwanamke anayependwa kunishinda katika Dar es Salaam hii, bado sijakutana naye, maana ananimenyea machungwa, ananiita malkia wa Rombo mbele ya wateja bila haya, na nikichelewa kutoka nyumbani Magomeni anasimama nje ya duka kunitazamia mpaka wenzake wanamcheka.

Tunauza mapazia Kariakoo. Siku ya harusi, alipokuwa akishukuru wageni, Wilbert alisema duka lile amelikabidhi kwa Bwana na hatauza kwa uongo hata mita moja, nami nililia kwa fahari mpaka shela ikalowa. Na kweli anatimiza. Mteja akiuliza, "Hii ya Uturuki?", kwa kuwa kila mtu anataka ya Uturuki na katika maduka mengi kila jora ni la Uturuki hata kama lilishuka jana kutoka China, Wilbert anajibu, "Hapana mama, ni ya China," kisha ananyamaza, na mteja anavuka barabara. Jirani yetu Idrisa humtania, "Mchungaji, huku hatutoi ushuhuda, tunauza mapazia."

Mwezi uliopita Wilbert alikwenda Rombo kuzika, akaniachia duka siku tatu. Siku mbili sikuuza hata foronya, na ya tatu akaingia mama mmoja wa Mchafukoge, Bi Fakhriya, anayemwoza binti yake Huda, akashika kitambaa, akakikunja, akakinusa, akaniuliza, "Mwanangu, ya Uturuki hii?" Nikawaza Wilbert arudi akute nimeuza, ajue ameoa mke anayefaa, na mdomo wangu ukasema, "Ndiyo mama, ya Uturuki kabisa."

Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali. Niliambiwa kwa yule Mchaga wa kanisani hakuna uongo, ndiyo maana nimeyapita maduka yote yale."

Mama, nilitamani sakafu inimeze. Alinunua majora manne, akalipa yote, na fundi ameshayashona kwa kipimo cha madirisha yake, kwa hiyo akiyakataa hayatamfaa mtu mwingine na tutakuwa tumepoteza karibu mtaji wote. Mwisho wa mwezi Wilbert mwenyewe anakwenda kuyatundika, nyumba ikiwa imejaa wakwe, na najua Bi Fakhriya atawaambia ni ya Uturuki, na Wilbert atasema si ya Uturuki, maana ndivyo alivyo. Alipouliza niliuzaje nilimwambia Mungu alileta mteja. Alinibusu kwenye paji la uso. Nimeazimia duka letu lisisimame juu ya neno langu lile, lakini naogopa asije akaacha kuniita malkia. Nianzie wapi?

Bibi harusi, Magomeni

*

Marahaba, mwanangu, na hongera ya ndoa. Machungwa nimeyasikia. Sasa kaa vizuri.

Usiniambie mdomo ulisema. Ulisema wewe. Na yule mama hakununua kitambaa tu, alinunua jina la mumeo, jina alilolilinda kwa kuwaacha wateja wavuke barabara. Ulilitumia wakati mwenyewe yuko makaburini. Halafu ukamsingizia Mungu kwamba ndiye aliyeleta biashara. Hilo la mwisho litubu peke yake.

Lakini sikuoni kuwa mwovu. Ulitaka kusifiwa na mtu unayempenda, na ni wengi tuliofanya upuuzi kwa hamu hiyo. Mwambie Wilbert leo akishamaliza kula, wala usianze na machozi, maana ukilia atakubembeleza na habari itaishia hapo. Mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike. Mume aliyeahidi mbele ya wageni wote hawezi kukufukuza kwa kusema kweli, na umalkia usioweza kuvumilia siku mbili za kununiwa haukuwa na maana.

Kesho nendeni Mchafukoge wote wawili, msingoje wakwe wafike. Mchukue pazia moja lililoshonwa, alione. Mwambie limetoka China na kwamba wewe ulimdanganya. Akitaka fedha zake, apewe zote, mtaji uishe kama ni kuisha. Mkikata hata shilingi ya fundi, mmemwibia mara ya pili. Akitaka kubaki nayo, msimshawishi wala msimshukuru kupita kiasi.

Na Wilbert nina neno naye. Baba, kusema kweli si kununa. Ukishasema ni ya China, usinyamaze kama shahidi mahakamani. Mwoneshe mama jinsi linavyokunjika, mwambie halichuji likifuliwa, kama kweli halichuji. Tena andika kwenye kila jora lilikotoka, mkeo asijaribiwe tena ukiwa safarini.

Nawe bibi harusi, mlangoni kwa Bi Fakhriya usimwache mumeo akusemee. Sema wewe, ukiwa bado umesimama, kabla hujaletewa kahawa. Ukishainywa kahawa yake utaona haya, mtaongea habari za harusi, na utarudi Magomeni na uongo wako mkononi.