Kurasa Nilizokata kwa Wembe

Kwako Mama Auma, mke wangu wa ndoa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba huko uliko ni pakavu kuliko hapa Ahero. Niwie radhi kwa kukawia. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike, na sababu ya kimya changu si maradhi wala shughuli. Ni woga.

Nianze na habari, maana ulipenda habari kuliko chai. Yule mwandishi wa vitabu vyako vya upelelezi, vile vyenye wanawake wa midomo myekundu kwenye majalada, amefariki. Gazeti limempa mistari minne, chini ya picha ya mbuzi wa Usenge aliyezaliwa na miguu sita. Najua ungemkata mbuzi kwanza, ukambandika ukutani karibu na yule bwana aliyeamka mochari akaomba uji, kisha ndipo ungemlilia mwandishi. Nimewakata wote wawili. Wamo ndani ya bahasha hii.

Nasikitika kusema kwamba kukata si jambo geni kwangu. Kila ulipoleta kitabu kutoka kwa wale wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara Kisumu, nilisubiri uende mazoezi ya kwaya, nikachukua wembe wangu wa kunyolea, nikaiondoa sura ya mwisho taratibu, bila kuacha mchaniko. Misheni walitufundisha kwamba kuchoma kitabu ni ushenzi, kwa hiyo sikuchoma. Kurasa nilizitia katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda, bila kuzisoma, kwa kuwa niliona haimfai mzee wa kanisa kusoma upuuzi. Jambo hilo nililiita malezi. Wewe hukuuliza hata siku moja. Nikadhani unaamini kwamba vitabu hivyo huuzwa hivyo hivyo, kama mashati ya mitumba yasiyo na vifungo.

Mafuriko ya mwaka huu yaliingia chumbani hadi magotini. Maji yalipopungua nilivianika vitabu vyako kwenye turubai la mpunga, jua likavifungua, nami nikaona mwandiko wako. Nyuma ya kila kitabu ulikuwa umeandika mwisho wako mwenyewe kwa penseli, na katika kila mwisho muuaji ni mume. Pengine ni mwalimu, pengine ni mweka hazina wa kanisa, lakini ni mtu yule yule. Hapandishi sauti. Hufuta wembe kwa leso. Huomba radhi kabla.

Jirani yetu Nyar Sondu, uliyekuwa ukibadilishana naye vitabu, alikuja kunisaidia kuvigeuza. Akavaa miwani akawasomea akina mama waliokuwa wakianika mpunga wao. “Sikieni huyu. Anasema, samahani mpenzi, halafu anamsukuma kisimani. Nani anamjua bwana wa namna hii?” Walicheka hadi wakashika mbavu. Nilikuwa nimesimama katikati yao na birika la chai, nami nikawamiminia. Mmoja akasema, “Asante, Mwalimu. Kunywa wewe kwanza.”

Hayo niliyastahili. Kinachoninyima usingizi ni kitabu kimoja, kile ulichokuwa nacho hospitalini. Siku mbili kabla hujafariki ulifika pale nilipokata, ukanitazama, ukasema, “Mwalimu, leo niambie tu. Nani alimuua?” Kurasa zilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikuwa nimezikata asubuhi ile ile, wauguzi walipokuwa wakikuosha. Nikakujibu, “Pumzika kwanza, Mama Auma.”

Ulipumzika. Na mimi nikaziongeza mkebeni pamoja na nyingine.

Baada ya mafuriko nilitaka kukujibu. Nilipoufungua mkebe, kurasa za miaka yetu yote zilikuwa bonge moja, kama ugali uliolala. Nilitafuta nakala nyingine Kisumu nzima, nikaikosa. Nikamwandikia mwandishi mwenyewe, kwa adabu, kumwuliza. Barua yangu ilikuwa ingali mezani gazeti lilipofika. Sasa simjui mtu yeyote aliye hai anayeweza kukuambia.

Nyuma ya kitabu hicho hukuandika kitu. Mkono ulikuwa umekwisha nguvu. Kwa idhini yako nimeandika mimi, kwa penseli yako, maneno matatu: Ni mume wake. Sikuongeza samahani.

Kwaheri, Mama Auma. Nakuahidi kwamba wembe wangu hautagusa tena kitu ila ndevu zangu, na kwamba vitabu vyako vitakaa sebuleni, mahali ambapo mgeni yeyote anaweza kuvifungua nyuma.

Barua hii pamoja na kile kitabu cha hospitalini vitaletwa na Nyar Sondu. Moyo wake ulisimama Jumanne, na kesho tunamzika. Nitaviweka chini ya mikono yake nitakapokwenda kumuaga. Alipokuwa hai asingenibebea hata mwavuli. Bahasha sitaifunga, maana najua ataisoma njiani.

Mumeo,
Mwalimu